Uzi: Kimya cha wakala si "hapana" (uzoefu wangu wa kuratibu mawakala wa programu kwa Prolog)

Chapisho la 1, mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika ule uzi wa mawakala wa akili bandia niliahidi kueleza kwa nini bado ninaandika kanuni za uratibu kwa Prolog, lugha ya kuandikia programu kwa kanuni za mantiki iliyozaliwa Marseille mwaka 1972, wakati vijana ninaofanya nao kazi wanaandika karibu kila kitu kwa Python. Nimechelewa kutimiza ahadi kwa sababu nilitaka pia kueleza mahali iliponiangusha, maana sifa peke yake hazimsaidii mtu anayetaka kujenga kitu kikatumika.

Kwa neno "wakala" nina maana ya programu inayojiendesha yenyewe, yenye kazi yake, kumbukumbu zake na pengine seva yake, ambayo haina ruhusa ya kufungua kumbukumbu za mwenzake bali inaweza tu kumtumia ujumbe na kungoja jibu. Mawakala wakiwa watatu, mtu anaweza kuandika kwa mkono nani amwulize nani. Wakifika kumi, ile michoro ya mishale ubaoni hugeuka kuwa utando wa buibui, na kila anayeongezwa anadai wengine wote wafanyiwe marekebisho.

Mfumo ulionifundisha njia nyingine ni Open Agent Architecture, uliojengwa na taasisi ya SRI International kule Menlo Park, California, katika miaka ya 1990. Mawakala wake waliandikwa kwa lugha mbalimbali za kompyuta, zikiwemo C, Java na Prolog, lakini wao kwa wao walizungumza lugha moja ambayo umbo lake lilitokana na Prolog. Wakala alipojiunga alijiandikisha kwa mratibu akitaja maswali anayoweza kuyatatua. Mwenye shida hakuhitaji kujua nani atamsaidia wala yuko kwenye mashine gani. Alitamka lengo lake, mratibu akaligawa kwa wanaostahili, akakusanya majibu na kuyarudisha. Adam Cheyer, mmoja wa waliojenga mfumo huo, baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Siri, kampuni iliyochipuka kutoka SRI na kununuliwa na Apple mwaka 2010, kwa hiyo wazo hili si la makumbusho kama baadhi yenu mnavyodhani.

Kiini cha mratibu wa namna hiyo kinaenea kwenye mistari michache. Katika Prolog neno linaloanza kwa herufi kubwa au kistari cha chini ni nafasi iliyo wazi inayosubiri kujazwa:

```
anaweza(likizo, yuko_likizo(_Mtu, _Tarehe)).
anaweza(zamu,   ana_zamu(_Mtu, _Tarehe)).
anaweza(gari,   gari_lipo(_Tarehe)).
anaweza(simu,   tuma_ujumbe(_Mtu, _Tarehe)).

tatua(Lengo) :-
    anaweza(Wakala, Lengo),
    uliza(Wakala, Lengo).
```

Mistari minne ya juu ni taarifa, na kanuni iliyo chini yake ndiyo mratibu mwenyewe. Lengo likiletwa, Prolog hulilinganisha na kila umbo lililoandikishwa, na linapopatana hupatikana jina la wakala wa kuulizwa. Akija wakala wa tano unaongeza mstari mmoja tu, na hakuna mwingine anayeguswa. Kilichonivutia zaidi ni kwamba ujumbe wenyewe ndio swali: `yuko_likizo(Mtu, tarehe(14,6))` ni sentensi yenye maana kamili ambayo mratibu anaweza kuisoma, kuihoji na kuiunganisha na nyingine, tofauti na furushi la herufi ambalo maana yake inajulikana na mtumaji na mpokeaji peke yao.

Sasa nifike kwenye kuanguka kwangu. Mwaka juzi niliijengea taasisi moja, ambayo sitaitaja, mfumo mdogo wa kujaza zamu za usiku mtumishi anapopata dharura. Kanuni nilizoziandika, ambazo wakati ule nilijivunia sana, zilikuwa hizi:

```
anapatikana(Mtu, T) :-
    mtumishi(Mtu),
    \+ tatua(yuko_likizo(Mtu, T)),
    \+ tatua(ana_zamu(Mtu, T)).

jaza(T) :-
    anapatikana(Mtu, T),
    tatua(tuma_ujumbe(Mtu, T)),
    tatua(gari_lipo(T)).
```

Alama ya `\+` husomeka "haiwezekani kuthibitisha kwamba". Ukizisoma kanuni hizo kwa sauti ni Kiswahili fasaha: mtu anapatikana ikiwa ni mtumishi, hayuko likizo, na hana zamu nyingine; zamu inajazwa akipatikana mtu, akatumiwa ujumbe, na gari la kumfuata likawepo. Mkuu wa idara alizisoma akazipitisha.

Usiku mmoja umeme ulikatika upande wa jengo ilipokuwa seva ya kumbukumbu za likizo. Saa sita na robo mtumishi mmoja akapata dharura, na mfumo ukaanza kazi. Asubuhi nilikuta watu 11 kati ya watumishi 14 wametumiwa ujumbe wa kuitwa kazini kwa zamu hiyo moja. Wa kwanza kuitwa alikuwa mama aliyejifungua siku nane kabla. Gari halikwenda kwa mtu yeyote. Kwenye kumbukumbu za mfumo palikuwa na neno moja tu: `false`.

Kabla sijaeleza, ningependa kusikia mnavyolisoma kosa hilo.

Chapisho la 2, mchangiaji

Mkuu, kwa heshima zote, mimi naona hili ni kosa la mwandishi wala si jambo la mantiki. Wakala asipojibu, lugha yoyote ya kawaida ingekutupia kosa na programu ingesimama pale pale. Sioni Prolog inaongeza nini hapa zaidi ya kuficha tatizo.

Chapisho la 3, mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nusu ya maneno yako ninaikubali bila ubishi, kosa ni langu. Hata hivyo kuna jambo chini yake ambalo ni la lugha yenyewe, nami ningependa tulitazame kwa utulivu.

Katika Prolog, kushindwa kuthibitisha na kuthibitisha kwamba si kweli vimepewa mlango mmoja. Mwanasayansi wa kompyuta Keith Clark alieleza mwaka 1978 ni kwa masharti gani jambo hilo ni halali: ikiwa ulichonacho ndicho chote kinachojulikana kuhusu jambo hilo, basi kisichothibitika unaweza kukichukua kuwa si kweli. Ndani ya programu moja yenye kumbukumbu zake zote mkononi dhana hiyo inafaa sana, kama vile karani mwenye daftari kamili la wapangaji anavyoweza kusema "fulani haishi hapa" kwa kutoliona jina. Mpe karani huyo daftari lililofungiwa chumba kingine, na ufunguo uko kwa mtu aliyelala, kisha mwulize swali lile lile. Hajui, lakini mimi nilikuwa nimemwandikia kanuni inayomlazimisha kusema "haishi hapa".

`uliza` yangu ilisubiri sekunde mbili, ikakosa jibu, ikashindwa. `\+` ikaligeuza kushindwa huko kuwa ushindi. Kwa hiyo seva ilipozimika, kila mtumishi aliyekuwa likizo alihesabiwa kuwa yupo. Hapakuwa na mstari wowote uliokosewa tahajia au mpangilio. Kila kimoja kilitekelezwa sawasawa na kilivyoandikwa.

Dawa niliyoitumia ni kuacha kulichukulia jibu la wakala kama kufaulu au kushindwa, na badala yake kulifanya kuwa kitu kinachoshikika, chenye sura tatu: `ndiyo`, `hapana` na `kimya`.

```
uliza(Wakala, Lengo, Jibu) :-
    thread_self(Mimi),
    gensym(ombi, Na),
    thread_send_message(Wakala, ombi(Mimi, Na, Lengo)),
    (   thread_get_message(Mimi, jibu(Na, J), [timeout(2)])
    ->  Jibu = J
    ;   Jibu = kimya
    ).

hayuko_likizo(Mtu, T) :-
    uliza(likizo, yuko_likizo(Mtu, T), Jibu),
    Jibu == hapana.
```

Hiyo ni SWI-Prolog, toleo mojawapo la Prolog, ambamo kila wakala wangu huendeshwa kwenye uzi wake (uzi wa kompyuta, yaani mkondo wa kazi unaoendeshwa sambamba na mingine, si huu tunaouandika) wenye foleni yake ya ujumbe. Sasa mtu hahesabiwi kuwa hayuko likizo mpaka wakala wa likizo mwenyewe atamke hivyo. Kimya kikitokea, kanuni nyingine inaamua: kurudia, kumwuliza msimamizi, au kumruka mtu huyo. Uamuzi huo ni wa taasisi, nao umeandikwa mahali unapoonekana.

Angalieni pia ile `Na`, namba ya ombi. Toleo langu la kwanza la marekebisho halikuwa nayo. Jibu lilitambuliwa kwa lengo lenyewe, `jibu(gari_lipo(T), J)`. Siku ya majaribio niliuliza saa kumi na mbili jioni kama gari lipo, wakala akachelewa, nikapata kimya. Jibu lake la "ndiyo" likafika baadaye na kukaa kwenye foleni bila mwenyewe. Saa mbili usiku, gari likiwa limeshaondoka, niliuliza tena swali lile lile, na lile jibu la jioni likapatana nalo barabara kabla wakala hajapata hata nafasi ya kusoma ombi jipya. Ulinganishaji wa Prolog ni mkarimu mno: maumbo yakipatana, hauulizi umri. Ukishaweka namba, jibu la zamani halipatani na ombi jipya, ingawa linabaki kwenye foleni na inakubidi ulifagie mara kwa mara.

Chapisho la 4, mchangiaji mwingine

Shikamoo mwanzisha uzi, na asante kwa somo. Umeeleza kwa nini mama mzazi aliitwa, lakini hujaeleza kwa nini waliitwa watu 11. Kimya cha wakala wa likizo kingeleta mtu mmoja asiyestahili. Hao kumi wengine walitoka wapi?

Chapisho la 5, mwanzisha uzi

Marahaba. Umegusa penyewe, na hilo kwangu ni zito kuliko la kwanza.

Rudi kwenye `jaza`. Alipatikana mtu, akatumiwa ujumbe, kisha likaulizwa gari, na gari halikuwepo. Prolog inaposhindwa kwenye sharti, hurudi nyuma hadi mahali pa mwisho palipokuwa na chaguo jingine, hufuta yote iliyoyajaza tangu hapo, na kujaribu njia inayofuata. Chaguo lililokuwa limebaki ni orodha ya watumishi. Ikamchukua wa pili, ikamtumia ujumbe, ikauliza gari, halipo, ikarudi. Ikaendelea hivyo mpaka orodha ikaisha. Watatu walionusurika ni wale waliokuwa na zamu, kwa kuwa wakala wa zamu alikuwa hai na alijibu.

Kurudi nyuma ndiyo nguvu kubwa ya Prolog mtu anapotafuta jibu kichwani mwa mashine moja, kwa sababu kinachofutwa ni dhana tu, kama mchezaji wa bao anayehesabu kete kwa macho kabla hajagusa kitu. Ujumbe ukishaingia kwenye simu ya mtu, Prolog inaweza kufuta alichojaziwa `Mtu`, lakini haiwezi kumrudishia huyo mtu usingizi.

Waliotutangulia waligongana na ukuta huu mapema. Katika miaka ya 1980, lugha za mantiki zilipotakiwa kuendesha michakato mingi kwa pamoja, Ehud Shapiro alitengeneza Concurrent Prolog, Keith Clark (yule yule) na Steve Gregory wakatengeneza Parlog kule Imperial College, London, na Kazunori Ueda akatengeneza Guarded Horn Clauses, ambayo ilikuja kuwa msingi wa lugha ya mradi wa kompyuta za kizazi cha tano ulioanzishwa Japani mwaka 1982. Zote tatu zilikubaliana katika jambo moja: kila kanuni iwe na mlinzi mlangoni, yaani masharti yanayokaguliwa kwanza, na kanuni moja ikishapita kwa mlinzi wake, mchakato umejifunga nayo na njia nyingine zote zimetupwa. Hakuna kurudi. Waliopenda Prolog ya asili walilalamika kwamba roho yake imeng'olewa, na kwa kiasi fulani naona walikuwa na haki, kwani utafutaji wa majibu yote uliachwa nyuma. Lakini mchakato uliokwisha kusema na wengine haungeweza kujifanya haukusema.

Katika mfumo wangu sikuhama lugha. Nilichora mstari ndani ya kanuni: juu yake mashine inatafuta na kurudi nyuma itakavyo, chini yake inatenda mara moja.

```
jaza(T) :-
    once(( shika_gari(T, Gari),
           anapatikana(Mtu, T),
           yuko_tayari(Mtu, T) )),
    tunuku(Mtu, Gari, T).
```

`once` ndiyo ule mstari. Kushika gari ni ahadi ya dakika tano inayojifuta yenyewe, hivyo utafutaji ukishindwa hakuna kilichoharibika. `yuko_tayari` inamwuliza mtu bila kumwita. Mpango huu wa kutangaza kazi, kupokea maombi, kisha kumtunuku mmoja si ubunifu wangu. Reid Smith aliuchapisha mwaka 1980 kwa jina la Contract Net, na yeyote aliyewahi kushughulika na zabuni hapa kwetu atautambua mara moja, pamoja na udhaifu wake wa wale wanaoshinda kisha wasionekane.

Chapisho la 6, mchangiaji wa chapisho la 2

Hapo nimekuelewa, mkuu, na ninaondoa neno "kuficha". Nina maswali mawili. Kwanza, je, ubao wa pamoja usingetosha, mawakala wote wakaandika na kusoma hapo bila mratibu? Pili, siku hizi mawakala wanaendeshwa na modeli kubwa za lugha, wanazungumza kwa sentensi za kawaida. Kanuni hizi zina nafasi gani tena?

Chapisho la 7, mwanzisha uzi

La ubao nitalijibu kwa kifupi. Linda, mfumo uliobuniwa na David Gelernter, unafanya hivyo hasa: wakala anaweka kipande cha taarifa kwenye uwanja wa wote, mwingine anakisoma au anakiondoa kwa kutaja umbo lake. Uzuri wake ni kwamba kuondoa ni tendo lisilogawanyika, hivyo mawakala wawili hawawezi kuichukua kazi moja, na SICStus Prolog, toleo jingine la Prolog, ina maktaba ya Linda tayari. Ninautumia kugawa kazi zinazofanana. Hauniambii, hata hivyo, kwamba kazi fulani haina mtu wa kuifanya. Kipande hukaa tu uwanjani kikingoja, na tunarudi kwenye kimya.

La modeli za lugha linastahili maneno zaidi. Katika Open Agent Architecture mtumiaji naye aliongea kwa sentensi. Palikuwa na wakala wa lugha ambaye kazi yake ilikuwa kuigeuza sentensi kuwa lengo la kimantiki, na kuanzia hapo mratibu hakuhitaji kujua Kiingereza. Mtu aliweza kuagiza kwamba barua ya jambo fulani ikifika ajulishwe, na agizo hilo likabaki kwenye mfumo kama kichochezi kinachosubiri tukio lake.

Mimi ningeiweka modeli kwenye kiti hicho hicho cha mkalimani. Ninachokikataa ni kuziacha modeli tano zishauriane kwa aya ndefu nani atume ujumbe kwa mama mzazi, kisha asubuhi nisome kurasa arobaini za mazungumzo yenye adabu nikitafuta uamuzi ulifanyika sentensi ya ngapi. Modeli ikinipa `jaza(tarehe(14,6))`, kanuni inaweza kulikagua lengo hilo kabla halijatendwa, na likikataliwa ninaweza kuonyesha sharti lililolikataa. Modeli ikibuni lengo lisilokuwepo, halipatani na umbo lolote lililoandikishwa, na linaishia mlangoni. Sisemi modeli zitakosea mara chache zaidi. Kosa litakuwa na anwani.

Kasoro ya mratibu siifichi. Akifa yeye, wote wanakuwa mabubu, na ujumbe wote ukipita kwake anakuwa daraja jembamba. Waliojenga mfumo wa SRI waliruhusu vikundi vyenye waratibu wao kuunganishwa, na mimi nina mratibu wa akiba ambaye mawakala huandikishwa kwake pia. Bado sijaridhika naye.

Chapisho la 8, mchangiaji wa chapisho la 4

Samahani kuuliza jambo lililo nje kidogo ya mantiki: yule mama alifanyaje?

Chapisho la 9, mwanzisha uzi

Si nje ya mantiki hata kidogo. Alijibu ujumbe saa sita na dakika ishirini: "Niko uzazi, naomba msahihishe." Jibu lake lilifika kwenye mfumo salama, wakala wa simu akalipokea na kulipeleka kwa mratibu kama lengo, `pokea_jibu(Mtu, Maneno)`. Mratibu akatafuta nani anaweza kulishughulikia. Hapakuwa na mstari wa `anaweza` wenye umbo hilo, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayeitwa anaweza kujibu. `tatua` ikashindwa, na kushindwa kwake kukaandikwa kwa neno lile lile lililoandikwa kwa gari lililokosekana.

Kwa hiyo sasa majibu yangu yana sura nne. Kuna `ndiyo`, `hapana`, `kimya`, na `hakuna_mwenyeji`, ambayo hutoka pale lengo lisipokuwa na wakala yeyote aliyejiandikisha kulipokea, na hiyo ya nne humfikia binadamu moja kwa moja. Mstari uliokosekana usiku ule nao niliuongeza, ukiwa wa kwanza kabisa kwenye faili:

```
anaweza(msimamizi, pokea_jibu(_Mtu, _Maneno)).
```